Jiwe la Goma

Goma, mashariki mwa Kongo, ni mji uliojengwa kwa kile kilichoubomoa. Ukuta wa ua, msingi wa nyumba ya mbao, kokoto za barabarani, vyote ni jiwe moja jeusi lililotoka tumboni mwa mlima Nyiragongo. Alhamisi ya tarehe 17 Januari 2002 ubavu wa kusini wa mlima huo ulipasuka. Lava ikashuka hadi mjini, ikapita katikati ya mitaa ya biashara, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ikaangusha kanisa kuu la Wakatoliki, na haikusimama mpaka ilipoingia Ziwa Kivu. Lava ya Nyiragongo ina silika kidogo mno, kwa hiyo ni nyepesi na hukimbia kwa kasi ambayo volkano nyingi hazina. Watu wapatao 400,000 waliukimbia mji, wengi kwa miguu, wakavuka mpaka kuingia Gisenyi upande wa Rwanda. Takriban 120,000 walibaki bila makazi.

Hazikupita siku nyingi wakaanza kurudi. Mashirika ya misaada yalikuwa yakipanga kuwawekea kambi ng'ambo ya mpaka, lakini wenyewe walikuwa wameshakata shauri. Walirudi wakipita juu ya lava iliyoganda usoni huku ndani bado ina moto, wengine na godoro kichwani, wengine na mtoto mgongoni. Walipofika, mji waliouacha ulikuwa chini ya nyayo zao. Kuna mahali lava ilikuwa imepanda mita mbili na zaidi, hata majengo yaliyonusurika yakawa ghorofa ya juu ndiyo ya chini. Alama za mipaka ya viwanja hazionekani. Mtu anasimama juu ya mwamba mweusi unaotoa mvuke na kusema kwa uhakika: kwangu ni hapa.

Kisha wakaanza kuvunja. Kazi hii inastahili kutazamwa kwa karibu, maana ukiitaja kwa mbali inageuka methali tu. Mvunja mawe anakaa chini, miguu ameitanua, nyundo mkononi. Tabaka la juu la lava lina matundu matundu, ni jepesi, na kingo zake zinakata kiganja kama chupa iliyovunjika. Chini yake jiwe ni zito na limeshikana. Hilo linataka mtaimbo na mabega ya watu wawili. Kubwa linatengwa kwa ajili ya msingi, la wastani kwa ukuta, dogo ni kokoto ya kuchanganya na saruji. Vumbi linaingia machoni, kipande kinaruka na kupiga mguu. Jioni kuna lundo, na lundo lina bei, na bei hiyo ni unga na makala, yaani mkaa, wa siku hiyo. Kwa mkono namna hiyo, lundo baada ya lundo, mji ulisimama tena.

Ukisimama hapo, somo linakujia lenyewe kabla hujaliita: maisha yakikutupia mawe, jenga nyumba. Linahubiriwa makanisani na misikitini, linauzwa kwenye semina, limejaa katika vitabu vya kutia moyo vinavyopangwa barabarani Dar es Salaam na Nairobi. Wanaolisema hawana nia mbaya. Lakini mimi nalikataa, na nalikataa kwa sababu nawaheshimu watu wa Goma. Somo hilo linaipa lava sifa isiyo yake. Linaufanya mlima kuwa mwalimu, na waliounguliwa kuwa wanafunzi waliofaulu mtihani. Ukilifuata mpaka mwisho utafika mahali pa kutisha: kwamba waliokufa walifeli.

Jiwe hilo hilo lilikuwepo mwaka 1994. Julai mwaka huo, ndani ya siku chache, karibu wakimbizi milioni moja kutoka Rwanda waliingia Goma na viunga vyake. Kipindupindu kikawakuta wamelala juu ya mwamba wa milipuko ya zamani. Ardhi ile ilikataa jembe. Vyoo havikuchimbika, makaburi hayakuchimbika, na maiti zilifungwa kwenye mikeka zikalazwa kando ya barabara kungoja magari. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu wapatao 50,000. Ni nani atakayetwambia jiwe lilikuwa linawafundisha nini?

Kati ya watu wa 1994 na watu wa 2002 sioni tofauti ya ujasiri. Sijui kipimo cha kusema huyu alikuwa na moyo mgumu kuliko yule. Naona tofauti nyingine, za kushikika. Wa 2002 walikuwa wanarudi kwao. Walikuwa na jirani anayejua mpaka wa kiwanja ulipita wapi kabla haujafunikwa. Walikuwa na mtu wa kumwazima nyundo, na mteja wa kununua lundo la kokoto, na soko la kununulia unga. Wa 1994 walikuwa ugenini, wana kiu, wamechoka, hawana hata maji safi, na waliofanya mauaji ya kimbari kwao walikuwemo kambini humo humo. Nguvu ya kuinuka tumezoea kuitafuta kifuani mwa mtu, kana kwamba ni akiba aliyozaliwa nayo. Kwa ninavyoona mimi, sehemu yake kubwa iko nje ya kifua: iko kati ya mtu na mtu, na iko katika vitu. Aliyeachwa peke yake bila kitu hata awe shujaa namna gani atashindwa, na kushindwa kwake hakutakuwa aibu yake.

Nilimfahamu mama mmoja wa Goma aliyekuwa akiuza vitenge Nairobi. Mwaka 2002 alikuwa na watoto wadogo na mume aliyekuwa safarini. Nilimuuliza ni neno gani lilimtia nguvu siku zile, nikitegemea jibu la imani, kwa kuwa alikuwa mtu wa sala. Alicheka kwa upole, kama mtu anavyomcheka mdogo wake. "Ndugu yangu," akasema, "watu walikuwa wananiambia Mungu ako na mpango. Nilikuwa nasema amina. Lakini miye nilikuwa natafuta tu mutu wa kunisaidia kubeba matela." Godoro hilo, matela kama wanavyoliita kwao, lilibebwa na kijana asiyemjua, kutoka mpakani hadi mtaani kwao, na hakutaka malipo. Jina la yule kijana hakuwahi kulijua. Maneno ya waliomtia moyo alikuwa ameyasahau karibu yote; namna kijana alivyokunja shati lake na kulifanya kata ya kubebea, hilo alinieleza mara mbili.

Wazee wetu wakitaka kumsifu mtu aliyevumilia humtaja Ayubu. Pwani nzima inamjua. Ana utenzi wake wa zamani, na subira yake ni kipimo cha subira zote. Lakini tumeizoea hadithi yake hata tunapita mwisho wake bila kusimama. Katika Biblia, Ayubu anarudishiwa mali mara mbili. Kondoo walikuwa 7,000, wakawa 14,000. Ngamia walikuwa 3,000, wakawa 6,000. Msimulizi anahesabu kwa makini kama karani. Anapofika kwa watoto, hesabu inabadilika: waliokufa walikuwa wana saba na binti watatu, na wanaozaliwa baadaye ni wana saba na binti watatu. Hawaongezeki mara mbili. Wako wanaoeleza kwamba wale wa kwanza wanahesabiwa bado, wako kwa Mungu, kwa hiyo ukiwajumlisha wanatimia mara mbili. Huenda. Mimi husoma hapo kitu kingine: kwamba hata msimulizi aliyeruhusiwa kurudisha kila kitu alijua kuna fidia isiyoandikika. Ng'ombe hufidiwa kwa ng'ombe. Mtoto hafidiwi kwa mtoto.

Na tazama, binti wale wa pili wanatajwa kwa majina, Yemima, Kesia na Keren-hapuki, na baba yao anawapa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Sisemi ndivyo mwandishi alivyokusudia, lakini namwona mzee aliyezika watoto kumi na sasa hawezi tena kuwahesabu watoto kwa jumla. Kila mmoja ana jina. Kila mmoja anapewa chake mkononi, angali hai. Huyu si Ayubu wa mwanzo aliyerudi mahali pake. Ni mtu mwingine, anayependa kwa namna ya mtu anayejua kwamba paa linaweza kuanguka. Sioni kama amekuwa bora zaidi. Naona amekuwa na mikono inayoshika kwa namna tofauti.

Watu wawili wa Vienna walilibeba swali hili hili, la kuishi baada ya hasara isiyofidika, mpaka mwisho wa maisha yao, na majibu yao hayakukutana. Viktor Frankl, daktari wa magonjwa ya akili, alipelekwa kambi ya Theresienstadt mwaka 1942, baadaye Auschwitz, kisha kambi zilizokuwa chini ya Dachau. Alipotoka mwaka 1945 mke wake, baba, mama na kaka walikuwa wamekufa. Mwaka 1946 alichapisha kitabu ambacho kimesomwa duniani kote, akisema kwamba mwanadamu anaweza kunyang'anywa kila kitu ila uwezo wa kuchagua atakavyoyakabili yaliyompata, na kwamba mwenye jambo la kuishi kwa ajili yake hustahimili mengi. Alioa tena, akarudi hospitalini, akaishi hadi 1997.

Jean Améry, aliyezaliwa Vienna mwaka 1912 kwa jina la Hans Mayer, alikamatwa Ubelgiji mwaka 1943. Aliteswa katika ngome ya Breendonk, kisha akapelekwa Auschwitz, na akatoka hai. Katika insha zake za mwaka 1966 alikataa kufarijiwa. Alishikilia kwamba aliyeteswa hubaki ameteswa, kwamba imani ya mtu juu ya ulimwengu ikishavunjwa kwa kipigo cha kwanza hairudi tena, na kwamba dunia isimharakishe kusamehe ili yenyewe ipate kulala vizuri. Mwaka 1978 alijiua.

Kuna wanaowasoma wawili hawa kama mshindi na mshindwa. Ni kosa kubwa, na ni ukatili pia. Frankl mwenyewe hakusema mateso ni mazuri. Alionya waziwazi kwamba mateso yanayoweza kuepukwa sharti yaondolewe, na kuyavumilia bila sababu si ushujaa. Wengi wanaomnukuu hupenda kuliruka hilo. Na Améry baada ya kambi alifanya kazi iliyo ngumu kuliko kupona: alisema yaliyotendeka jinsi yalivyotendeka, bila kuyasugua yang'ae. Huo nao ni ujenzi. Kuna mtu ambaye nyumba yake mpya ni huko kukataa kwake, na amani tunayomtaka aipate kwa haraka ingemtoa nje ya nyumba hiyo. Nikilazimishwa kusema ni nani kati yao alikuwa na haki, nitasema Frankl aliongea na aliyeumia kuhusu kesho yake, na Améry aliongea na sisi wengine kuhusu deni letu. Shida inakuja tunapochukua maneno ya Frankl, yaliyokuwa ya mgonjwa, na kuyatumia kujifutia deni alilolitaja Améry.

Ndivyo ilivyokuwa Goma. Dunia imeupamba mji ule kwa sifa ya ustahimilivu kwa miaka mingi, na sifa imekuwa rahisi kutoa kuliko fedha. Mlima una kituo cha uangalizi, chenye wanasayansi Wakongo wanaoujua vizuri. Mwaka 2020 ufadhili mkubwa waliokuwa wakiutegemea ulikwisha, na kwa miezi kadhaa kituo kikakosa hata intaneti ya kupokelea data za vipimo vyake. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ikalipuka tena, bila onyo kwa watu. Lava ilifika Buhene, ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Watu zaidi ya 30 walikufa, maelfu ya nyumba ziliungua, na katika mbio za usiku ule watoto wengi walipoteana na wazazi wao. Siku chache baadaye serikali iliamuru mitaa mingi ihamwe, na mamia ya maelfu wakaelekea Sake, Rutshuru, na Bukavu kwa njia ya ziwa. Kisha wakarudi. Kisha wakavunja mawe. Na dunia ikasema: watu hawa ni wastahimilivu ajabu. Ninaposikia sifa hiyo ikitoka kwa mwenye uwezo wa kulipia mitambo ya tahadhari, nasikia ndani yake kama kupumua kwa mtu aliyesamehewa bili.

Wageni huuliza kwa nini hawahami. Swali ni halali, lakini mara nyingi huulizwa kwa sauti ya kudhani kwamba hawajafikiri. Wamefikiri. Upande mmoja kuna volkano, upande mwingine ziwa lenye gesi nyingi iliyoyeyuka kilindini, na nyuma yao kuna vilima vya Masisi na Rutshuru ambako vita havijakoma kwa muda mrefu. Mlima hulipuka baada ya miaka. Bunduki hulia wiki hii. Kwa kulinganisha, mlima una adabu. Na papo hapo kuna mpaka wa biashara, kuna samaki, kuna udongo wa volkano unaolea viazi na kabeji, kuna chukudu, ile skuta ya mbao inayoshuka kutoka vilimani na magunia ya mizigo, dereva wake amepiga goti moja juu ya ubao na mguu mwingine unasukuma. Mji umemwekea sanamu ya rangi ya dhahabu kwenye mzunguko wa barabara. Anayejenga tena mahali palipomwunguza hajasahau wala hajatii majaliwa. Amepima hatari zote alizonazo akachagua ile anayoweza kuishi nayo. Uchaguzi huo unastahili heshima ile ile tunayoipa falsafa.

Nimesema nguvu iko kati ya mtu na mtu, na hapo kuna mtu ambaye hadithi humpitia haraka. Mke wa Ayubu naye alipoteza watoto kumi, na ndiye aliyewazaa. Katika Biblia anasema neno moja la uchungu, anakemewa, na hatajwi tena mali inaporudi, ingawa lazima kuna aliyewazaa wale kumi wa pili. Visa vya manabii vinavyosimuliwa na Waislamu vinamtendea haki zaidi: humo anatoka kufanya kazi majumbani kwa watu ili mumewe mgonjwa ale, na kazi inapokosekana anauza nywele zake apate chakula. Ayubu alikuwa na subira, mkewe alikuwa na ujira wa kutafuta. Nikijiuliza ni kitu gani hasa kiliiweka nyumba ile hai mpaka siku ya faraja ilipofika, sioni jibu jingine ila mwanamke anayerudi jioni na kitu kwenye upindo wa kanga.

Goma imejaa wanawake wa namna hiyo, na wana chombo chao: upatu, ambao Wakongo wengi huuita likelemba. Kila mmoja anatoa kiasi walichopatana, wote wanampa mmoja, na zamu inazunguka. Ukiuangalia kwa haraka ni hesabu tu ya fedha. Ukiutafakari ni kauli nzito kuhusu wakati ujao, kwa sababu yule anayetoa leo na kupokea mwezi wa nane anasema kwamba mwezi wa nane utakuwepo, na wenzake watakuwepo, na hawatamkana. Katika mji ambao ardhi yenyewe haina dhamana, watu wamewekeana dhamana wao kwa wao. Maana ya maisha tunayoitafuta kwenye vitabu, kama ipo, nadhani inafanana zaidi na hiyo kuliko na fundisho lolote linalodaiwa kutoka kwenye moto. Haikuwa imefichwa ndani ya msiba ikingoja kuchimbuliwa. Watu waliileta, wakaichangia, na inabidi waichangie tena kila mwezi.

Mwishoni mwa Januari 2025 wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliuteka mji. Uwanja wa ndege ukafungwa. Benki zikafunga milango. Kambi za waliokimbia vita, mahema meupe yaliyokuwa yamesimikwa juu ya mwamba mweusi pembezoni mwa mji, zikavunjwa, na waliokuwamo wakaambiwa warudi vijijini, wengine kwenye vijiji ambavyo havikuwa na nyumba hata moja iliyosimama. Walikwenda na walichoweza kubeba. Upatu haukuhitaji benki hapo mwanzo na hauhitaji sasa. Fedha inatoka mkono hadi mkono, inahesabiwa mbele ya wote, na anayepokea ananunua bati, au gunia la makala, au anamlipia mtoto ada. Wiki inayofuata anaamka kutafuta mchango wake kwa ajili ya zamu ya mwenzake.